Baba, huko Dodoma nani atajua kama hujaja?

Baba,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaituma. Sisi wazima. Mama yako mguu unamsumbua asubuhi, jua likishapanda unatulia. Mvua imekata wiki ya pili sasa, zamu yetu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa shambani, imeangukia Jumanne usiku kwa hiyo Jumatano nzima natembea kama mlevi na mbege sijaigusa. Naandika kwenye simu ya mdogo wako, amekaa hapa pembeni ananiambia baba weka nukta, nimemwambia nukta nitaweka nikichoka.

Dada yako ndo kanipa habari kwamba mwisho wa mwezi unahamia Dodoma. Nimefurahi sana, ajira ya kudumu siku hizi sio kitu cha mchezo, pale jumuiya nimeshatangaza mara mbili mpaka mama yako akanikanyaga mguu. Ningependa kuisikia kutoka kwako wewe na sio kwa dada yako ila hilo tuliache. Kilichoninyima usingizi ni kingine. Nilimuuliza tu kikawaida, hivi kaka yako huko Dar anasali wapi siku hizi, akanyamaza kidogo, nikajua tayari, halafu akasema baba siku hizi anaangalia ibada laivu kwenye simu. Nikauliza akiwa wapi. Akasema kitandani. Na kabla ya hapo ulikuwa unaenda kwenye ukumbi mmoja wa vijana, muziki mzuri, viyoyozi, na kuanzia mlangoni mpaka kwenye jukwaa hamna mtu aliyevuka miaka 35.

Usimkasirikie, nilimbana.

Mimi na hiyo laivu sina ugomvi. Mwaka ule wa mguu mama yako alisali miezi mitatu na redio, Sauti ya Injili imewekwa juu ya kabati la vyombo, na alisali kweli, alikuwa anaitikia liturujia peke yake jikoni mpaka kuku wanashtuka. Lakini redio haikumpikia uji. Uji ulikuja na wamama wa jumuiya, leo huyu kesho yule, na aliyekuwa anamkanda mguu ni yule binti mdogo kuliko wote aliyeolewa huku juu, ana mimba yake ya kwanza, anaogopa kila kitu, akawa anakanda huku anauliza maswali ambayo hawezi kumuuliza mama mkwe. Mtoto wake sasa yuko shule ya Jumapili, na anamwita mama yako bibi wa mguu.

Sasa. Nafikiri umesikia habari ya kijana wa pale njia panda, mliyepata naye kipaimara. Tumemzika Alhamisi. Watu watakuambia kisukari na ni kweli ni kisukari, lakini mimi nimechimba lile kaburi na vijana wa mtaa na maneno niliyoyasikia pale ndo yamenifanya niandike barua hii. Alikaa chumbani kwake siku nne. Aliyegundua ni mama mwenye nyumba, mtu wa makamo ya mama yako, Mwislamu, wala hakugundua kwa jambo kubwa, aliona nguo kwenye kamba. Zikanyeshewa zikakauka, zikanyeshewa tena, akasema huyu kijana haachagi nguo zake nje, akaenda kugonga. Na huyo marehemu alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la maombi, watu 180. Hizo siku nne kundi lilikuwa linaendelea, mistari, picha za maua, ile mikono iliyokunjwa.

Walikuja na basi, kama 40 hivi, wote wamevaa fulana zenye picha yake. Watoto wazuri, nisiwaseme vibaya, walilia kilio cha kweli na mchango wao ulikuwa mkubwa kuliko wa ukoo. Ila usiku wa kuamkia mazishi ilipofika saa ya kuimba karibu na jeneza walijaribu nyimbo mbili wakaishia katikati, nyimbo zao zinataka kinanda na spika, na wale wabibi waliokuwa wamekaa kwenye majani ya migomba wakashika bila mtu kuwaambia wakaimba mpaka alfajiri. Binti mmoja alinifuata nje akaniuliza, baba, hivi alikuwa anajichoma sindano? Nikamwambia tangu darasa la saba. Huyo binti amesali naye kikundi kimoja miaka miwili.

Kwa hiyo swali langu ni hilo moja na utaniona nalirudia kama mzee aliyesahau kwamba ameshauliza. Huko Dodoma usipotokea Jumapili, nani atajua kama hujaja?

Usinijibu kwamba una marafiki. Najua una marafiki, wewe tangu mdogo hujakosa watu. Rafiki wa rika lako asipokuona anafikiri umesafiri, umepewa shifti, una mgeni, hataki kukusumbua, na yeye mwenyewe ana haraka zile zile ulizonazo wewe, kodi, bosi, mchumba. Bibi aliyekaa benchi la tatu miaka 40 hafikirii hivyo. Asipokuona mara moja anafikiri umeumwa, mara mbili anafikiri umekufa, na atauliza kwa sauti katikati ya matangazo bila aibu. Bibi hana haraka. Anahesabu vichwa. Unakumbuka nani alikuwa anakuhesabu wewe, sina haja ya kumtaja, na najua alikuwa anakuudhi na yale maneno yake ya umekonda nani anakupikia. Amefariki Februari nadhani mama yako alikuambia. Mpaka wiki ile ya mwisho alimuuliza mchungaji alipompelekea chakula cha Bwana, yule mpiga kinanda amerudi?

Hilo la kinanda nitalifikia.

Kwanza babu yako, maana jina lake umelibeba na mimi nakuita baba kila siku kwa sababu yake lakini naona nilikupa jina nikasahau kukupa na habari zake. Yeye alipata kipaimara kule Kidia enzi za mmisionari Bruno Gutmann, yule Mjerumani aliyekaa Old Moshi mpaka 1938. Gutmann alikuwa mtu wa ajabu kidogo, alikaa na wazee wa Kichagga miaka na miaka anaandika mila na sheria zao, wamisionari wenzake wengine walimwona amezidi kupenda mambo ya kienyeji, na kweli kuna mahali alizidi, alitaka Wachagga wabaki vile vile kama picha ukutani. Ila kuna kitu alikiona. Aliona kwamba zamani kijana hakuwa mtu wa peke yake, alikuwa na rika lake waliobeba ngao pamoja, na rika hilo lilikuwa na wakubwa wa kulifundisha. Akasema kanisa likivunja hivyo vitu litabaki na watu mmoja mmoja kama mahindi yaliyopukuchuliwa, hilo la mahindi nimeongeza mimi. Kwa hiyo vijana wa kipaimara akawafunga kwa ngao, huyu na huyu, ukiugua wewe mwenzio ndo anaulizwa uko wapi, ukipotea mwenzio ndo anatumwa.

Mwenzie wa ngao wa babu yako unamjua, yule mzee wa fimbo ya mwanzi. Babu alifariki 1994 wewe hujazaliwa, lakini mwenzie aliendelea kuja hapa kila Jumamosi mpaka 2009, anakaa pale kwenye kigoda, hasemi jambo, anauliza watoto wa ndugu yangu wapo wote? Anawahesabu anaondoka. Mimi nilikuwa naona anakuja kula. Kuna Jumamosi nilijificha kwenye kahawa mpaka aondoke, mama yako anajua. Ukishakuwa na watoto na wewe utamjificha mtu fulani, usijifiche sana.

Sasa sisi. Maana nikikulaumu wewe peke yako nitakuwa mwongo na mimi bado ni mzee wa kanisa mpaka uchaguzi ujao.

Kweli ni kwamba sisi wazee kijana akiingia kanisani tunamwona mikono. Mikono ya kubeba viti vya plastiki, ya kufunga maturubai, ya kupanda kwenye paa kurekebisha bati. Siku ya msiba tunawaita kwa majina yote, siku ya kikao cha bajeti tunasema vijana watawakilishwa na mwenyekiti wao, na mwenyekiti wao tunampa dakika tano kabla ya sala ya kufunga. Tukiona mabenchi ya nyuma yamebaki matupu tunasema dunia imeharibika. Dunia imeharibika ndiyo, lakini haya mabenchi yana hadithi yao na wewe unaijua kuliko mimi maana ulikuwa umekaa juu yake.

Lile la ufunguo sitaki kulirudia. Kikao kiliamua na mimi nilikuwa mmoja tu kati ya 14. Walisema spika zinawaumiza kichwa wazee, na kweli ziliumiza, mlikuwa mnafungua ile besi mpaka madirisha yanacheza. Walisema vijana waimbe baada ya matangazo muda ukibaki, na muda haukuwa unabaki. Halafu ikasemwa vyombo vifungiwe stoo mpaka adabu irudi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye muhtasari, mpaka adabu irudi, mwandiko ni wa katibu, nimeusoma tena juzi.

Na kwenye kikao kile tulisoma neno la Rehoboamu, mtoto wa Sulemani, aliyekataa ushauri wa wazee akafuata wa vijana wenzake na ufalme ukapasuka, ile 1 Wafalme 12. Tulilipenda sana hilo neno, mzee mmoja alilisoma kwa sauti ya mapigo. Mwezi uliopita nilipewa zamu ya kuongoza jumuiya nikalisoma mwenyewe polepole na miwani mipya. Baba, wale wazee wa Rehoboamu hawakumwambia kaza. Walimwambia ukiwatumikia hawa watu leo na kuwajibu maneno mazuri watakuwa wako siku zote. Waliosema kaza ni vijana, wao ndo walimwambia awaambie baba yangu aliwapiga kwa mijeledi mimi nitawapiga kwa nge. Nikakaa na hiyo sura mezani uji ukapoa. Sisi kwenye kile kikao tulikuwa na mvi za wale wazee na mdomo wa wale vijana. Nge tulitoa sisi.

Na katika vijana 17 wa ile kwaya waliobaki hapa ni watatu. Wengine ni kazi na shule, sio wote ni sisi, nimewahesabu kwa haki.

Babu yako angesema nini sijui, maana yeye alikuwa anasimulia kwamba Wajerumani walipoondolewa baada ya vita ile ya kwanza, 1920, sharika za huku mlimani zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, sio wachungaji, walimu tu wa shule na wa katekisimu, na kanisa halikufa. Watu walibatizwa wakazikwa wakaimba. Ufunguo waliokuta mlangoni ndo huo huo waliotumia, hamna aliyekaa kikao kuulizia adabu yao. Ukumbusho huo mimi nimeusikia utotoni mara 100 na bado siku ile nilinyoosha mkono na wenzangu.

Basi. Dodoma.

Najua utaniambia Dodoma kila mtu ni mgeni, wizara zimehamia tangu 2016, sharika zimejaa watumishi ambao mama zao wako Mbeya na Bukoba na Tarime. Ndo maana naogopa zaidi. Mahali ambapo wote ni wageni ndo mahali pa mtu kukaa siku nne. Lakini pale wenyeji wapo, Wagogo wana Ukristo wa zamani, Waanglikana wamekaa Mpwapwa kabla hata wamisionari wetu hawajafika Machame mwaka 1893. Kwa hiyo wewe usinitafutie KKKT tu kwa ajili ya kunifurahisha mimi, sikukatazi hata ukikaa kwa Waanglikana, mradi pawe na wabibi na pawe na watoto wanaokimbia kwenye korido wakati wa mahubiri. Ukiingia mahali hamna mtoto analia na hamna mzee anakohoa, toka.

Jumapili ya kwanza uulize jumuiya ya mtaa unaokaa inasali nyumba ya nani na siku gani. Ile ya saa 12 asubuhi, ndiyo, amka. Usikae karibu na mlango. Wakikuuliza mtoto wa nani taja jina la babu, la kwangu halina uzito huko. Halafu tafuta mmoja. Sikuambii uwe rafiki wa wazee wote wa Dodoma, mmoja tu, bibi au babu anayekaa peke yake ambaye watoto wake wako Dar kama wewe ulivyokuwa Dar. Umwingizie namba za LUKU, umbebee mtungi wa gesi, simu yake imejaa picha za salamu za asubuhi umfutie. Akianza kukusema umechelewa kuoa mwache akuseme. Hayo ndo malipo yake na hayana pesa. Lakini asikufanye punda, akianza kukutuma kila jioni mwambie bibi leo nimechoka, wazee wengine wanapenda kutumikiwa kuliko kupendwa, nasema kama mmoja wao.

Na uende na chini pia. Kama kuna kinanda na kuna mtoto anakizungukazunguka baada ya ibada mfundishe. Wewe ulifundishwaje? Yule fundi matarumbeta aliyekuwa anakugonga vidole kwa fimbo ya kwaya hakulipwa hata shilingi, na alikuwa na miaka 71 na jino moja la mbele, na bado alikuwa anapuliza kuliko nyie wote.

Kuna jambo moja katika barua za Paulo ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa na ningekuwa mchungaji ningelihubiri kila mwaka. Ile barua ya pili kwa Timotheo. Mzee yuko kifungoni, anajua safari yake imefika, mwanzoni amemkumbusha kijana imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, ameandika maneno mazito ya vita vizuri na mwendo, wote tunayajua yanaandikwa kwenye misalaba ya makaburi. Halafu ghafla anasema ukija niletee lile joho langu nililoliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu. Na chini kidogo anaongeza, jitahidi uje kabla ya baridi. Mtu anakufa anamwagiza kijana koti. Angeweza kumwagiza mtu mwingine, Luka alikuwa naye pale pale. Mimi nadhani joho lilikuwa sababu tu, alitaka kumwona mtoto. Na Timotheo angekuwa anasali laivu joho lingebaki Troa mpaka leo.

Na mimi koti langu la kahawia unalo wewe. Uliondoka nalo ile Krismasi uliyosema utalirudisha Pasaka, na hiyo Pasaka haijafika. Sikulaumu, Dodoma Juni na Julai usiku kunapiga baridi watu hawaamini, kaa nalo. Ila ujue ni langu.

Mnada wa Jumapili iliyopita ungekuwepo ungecheka. Yule bibi wa kule chini kwenye daraja alileta jogoo wake, sadaka ya mavuno, mahindi hayakumkubali mwaka huu. Jogoo mwembamba, jicho moja. Mnadishaji akaanza 5,000, kimya. Wanakwaya wapya, hawa watoto wa form two na three, wakaanza kuongezeana wao kwa wao, 500 juu ya 500, wakachanga nauli zao za daladala mpaka jogoo likafika 23,000, wakalishika wakampelekea bibi wakamwekea mapajani. Bibi akasema nimelitoa kwa Bwana. Kale kabinti kanakoongoza kwaya kakamjibu, na Bwana amesema umtunzie. Kanisa zima lilianguka kwa kicheko, na bibi akatoka na jogoo lake na watoto wakarudi nyumbani kwa miguu, kilomita nne kupanda. Jumatatu niliwaona kwa huyo bibi wanapukuchua, hawajaitwa na mtu.

Kale kabinti ndo kana ufunguo sasa. Wa stoo. Watu wa baraza wanadhani ulipotea miaka yote ile, fundi alitaka kukata kufuli wakasema tusubiri. Haukupotea. Ulikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la kahawia, na nilipoona umeondoka na koti siku ile nilikaa na wasiwasi njia nzima kwamba utauingiza mkono utaukuta, halafu nikakumbuka nilikuwa nimeuhamishia kwenye kopo la misumari. Miaka minne uko kwenye kopo la misumari. Kinanda kilikuwa na panya ndani, funguo tatu za upande wa chini hazilii, nimekipeleka kwa fundi Moshi mjini akasema mbili zitalia na moja hapana. Waya wa umeme nimenunua mpya. Sikuomba pesa ya usharika.

Mambo ya nyumbani. Ng'ombe mwekundu amezaa, dume, mama yako amesikitika alitaka jike. Majani tunanunua kutoka tambarare, gari moja limepanda bei tena, kama una chochote mwezi huu tutumie, kama huna usikope. Kahawa tumeshapeleka chama cha msingi, malipo ya kwanza wamesema wiki ijayo, walisema hivyo hivyo wiki iliyopita. Paa la jikoni linavuja pale pale. Jirani aliazima lile panga zuri na amelirudisha na mpini mwingine, anasema ni ule ule, mimi nimenyamaza kwa sababu ya ushirika mtakatifu Jumapili ila mpini ni mwingine. Mdogo wako anataka kwenda kusoma uuguzi, ongea naye wewe, mimi nikiongea anaona nahubiri. Simu ya mama yako haipokei sauti vizuri kwa hiyo ukimpigia akisema ndiyo ndiyo ujue hajasikia.

Na upige. Zile meseji zako za nipo poa baba zinafika, nazisoma, mama yako ananiuliza amesema nini nasema amesema yuko poa, ananiuliza na nini kingine. Na nini kingine, baba? Huyo kijana wa njia panda mama yake alinionyesha simu, meseji yake ya mwisho Jumamosi saa 2 usiku, nipo poa mama.

Jumatano kuna gunia linakuja kwa basi la asubuhi, lifuate stendi mwenyewe usitume mtu wa bodaboda. Kuna ndizi mshare mikungu miwili, maparachichi yafungue haraka yasiivie humo, unga wa ulezi wa dada yako, kahawa kilo moja mama yako kakaanga kwa mkono. Juu ya ndizi utakuta jani la sale limefungwa fundo. Mdogo wako ananiambia baba hawezi kujua ni la nini, vijana wa mjini atadhani limeingia kwa bahati mbaya. Nikamwambia huyo anajua. Kwa kawaida jani hili la kuomba msamaha halitoki kwa mzee kwenda kwa kijana, hata mama yako aliniangalia wakati nalikata pale mpakani, lakini nimelifunga mwenyewe na sijalituma kwa mtu mwingine nimelituma kwa kondakta. Usilitupe na takataka.

Nauli ya gunia nimelipa nusu, nusu utamalizia huko, wasikudai zaidi ya 6,000. Na huyo mzee au bibi wa Dodoma ukishampata nitumie namba yake, mimi nitampigia.

Baba yako